Osée Asitajwe

Bunia, 4 Machi 2031. Asubuhi: mawingu, mvua ndogo.

Mudogo wangu Hippolyte,

Salamu nyingi. Huku mtaani Shari siye tuko wazima. Weye, shingo inaendelea je?

Ujumbe wako umefika. Kumbe waganga wa Bruxelles wamekutia kadude ndani ya ubongo, na sasa unaandika kwa ordinateri, hiyo kompyuta, bila mikono. Tangu shimo la dhahabu la Mongbwalu likuangukie na kukuvunja shingo, niliomba siku kama hii. Lakini umeuliza: "Osée anaendelea je?" Ulitaka kuuliza, ao mashini ilikuchomoa jina kichwani? Huyo mdogo wetu alitoroka kundi la wenye silaha. Wakijua yuko kwangu, watamuua. Usimuwaze.

Priscille, anayekuuguza, akusomee karatasi hii, kisha aichome.

Yaya yako,
Bibiane

Bruxelles, 2 Aprili 2031

Yaya Bibiane, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu. Shingo afadhali. Priscille alichoma barua juu ya sinki, lopitali nzima ikanuka moshi. Wakanigombeza mimi, mtu asiyeweza kushika kiberiti.

Yaya, mashini haisomi mawazo. Ninajaribu kusogeza kidole. Kidole kinakataa, lakini mshale kwenye ekrani ya ordinateri unaenda hadi herufi ninayotaka. Ni hivyo tu. Jana nilimuwaza mama mchana mzima, ekrani ikabaki nyeupe. Waganga wanahifadhi tu yale ninayoandika, kwa masomo yao.

Osée bado analala kwako, chumba cha nyuma? Nimemukumbuka.

Mudogo wako,
Hippolyte

Bunia, 29 Aprili 2031. Asubuhi: jua, vumbi.

Mudogo wangu,

Mimi ni muzima, nakuombea nawe hivyo. Kuhusu mawazo, nimekuamini. Lakini wanahifadhi unayoandika, nawe umeandika jina, nyumba, na chumba. Nani anasoma? Weye hujui, mimi sijui.

Juzi Camille, jirani, alinisimamisha sokoni: "Mama Bibiane, unakula mboga ya sombe ya watu wawili, na haunenepi." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mdogo wetu ameondoka. Najua aliko. Sitakuambia, hata kwa karatasi ya kuchomwa, maana ukijua utauliza, na ukiuliza utaandika. Ni weye ulimfundisha baiskeli. Una haki ya kuuliza kuliko wote. Usiulize.

Yaya yako,
Bibiane

Kesho yake asubuhi. Barua hii ilibaki wazi mezani. Nilikuwa nimeongeza mstari mmoja chini, jina la mahali aliko, nikaukata kwa kisu. Ndiyo maana karatasi ni fupi. Nililala saa nane ya usiku.