Koti la Mwitaliano

Neema mjukuu wangu,

Huku mtaani Troyeville tuko salama, bibi yako anagombana na baridi tu. Umeuliza nani alinifundisha kushona. Ni mbunifu mmoja wa mavazi, Mwitaliano, na hatukuonana kamwe.

Nilikuwa kijana, kabla ya kuhamia huku, nikijiona fundi hodari kuliko wote Lubumbashi. Bwana harusi mmoja akaniletea koti lililobuniwa na huyo Mwitaliano. "Fundi, limelegea. Weka sponji mabegani."

Nikafumua bitana. Eish! Ndani hamna kitu kigumu. Kitambaa chenyewe kilijua mwili. Nikalishona tena vilevile lilivyokuwa.

"Siweki," nikamwambia aliporudi.

"Fundi, harusi ni kesho!"

"Vaa, inua mikono."

Akainua, koti likamfuata. Akacheka, akaanza kucheza palepale.

Leo hapa mjini, Joubert Park nzima wanavaa makoti laini kama lile, lakini hawamjui Mwitaliano huyo. Mimi simvulii mtu kofia. Yeye nilimvulia.

Babu yako