Picha ya Mama Imetoka

Baba yangu,

Picha ya Mama imetoka. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza, "Sema neno, wacha hadithi." Ile filamu yako ya mwisho imeoshwa, na Mama yumo. Tangu Jumamosi natembea nikijichekea barabarani kama mwendawazimu.

Unakumbuka friji yetu kule Kihoto, kando ya ziwa? Rafu ya juu ilikuwa yako peke yako. Maziwa na sukuma chini, filamu juu, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, mfuniko umekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili unyevu usiingie. Mama alilalamika, "Hii nyumba filamu zinatunzwa kuliko watoto!" Ukimwelekezea kamera alijifunika uso: "Enda upige wenye wanakulipa!" Ziwa lilipoingia nyumbani likaozesha albamu zote, ulitoka majini na ule mkebe kichwani.

Ndiyo maana tulimzika Mama bila picha juu ya jeneza. Mke wa mpiga picha! Watu walinong'ona kwamba mganga hajigangi, nami nikaona aibu. Nilipokuuliza mbona huoshi ile filamu moja iliyobaki mkebeni, ulisema tu, "Nikiosha nikose kumpata, nitabaki na nini?" Ukairudisha kwa friji. Niliona ni visingizio. Wacha niseme ukweli, Baba: ulikufa kama bado nimekukasirikia.

Halafu nikakosea kuliko wewe. Friji yako niliyorithi iliharibika mwaka jana, nikauweka mkebe juu ya kabati, karibu na jiko. Mimi, binti wa mpiga picha! Nikausahau hadi siku Nekesa wangu, mwenye jina la Mama, aliponiuliza, "Kwani nyanya alikuwa anakaa aje kwa sura?" Nilipoushika ulikuwa na joto kama chapati inayotoka kwa kikaango. Woi! Nilijua nimemzika Mama mara ya pili.

Kuna fundi mmoja hapa Nakuru mjini bado anaosha filamu. Aliangalia tarehe uliyoandika kwa kalamu akatikisa kichwa. "Mathe, hii iliexpire kitambo. Na ukaiweka kwa jiko? Filamu ni kama maziwa, bana." Akaniambia nirudi Jumamosi, lakini nisitarajie makubwa.

Picha nyingi zimeingia ukungu, nyingine ni kijivu tupu. Lakini zile zilizopona, Baba, zote ni yeye. Anaanika nguo. Anachambua mboga. Anafukuza kuku wa jirani. Kumbe mzee mjanja ulikuwa ukimwibia picha siku zote, na mimi nikidhani ulipiga watu wengine tu! Kwa moja amekugundua, ameshika kiuno, anacheka hadi magego yanaonekana.

Nekesa aliikazia macho hiyo moja. "Nyanya anachekea nani?"

"Anamchekea babu yako," nikamwambia. Hapo nikalia, Baba, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Sina kinyongo na wewe tena. Nisamehe kwa kuchelewa, na umsalimie huyo anayecheka.

Binti yako,
Mama Nekesa