Vueni Viatu!

Mpepai, Mbinga

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Kahawa imeanza kuiva, na bibi yako anachuma kutwa nzima, ukimwambia apumzike hasikii.

Unauliza nilianzaje ukocha. Nilikuwa beki wa kati wa chuo cha ualimu, tukashuka Mbamba Bay kucheza na vijana wa ziwani. Sisi wa milimani tulivaa njumu, maana kucheza pekupeku tuliona ni mambo ya watoto. Kumbe uwanja wao ni mchanga mtupu! Tulizama, wao wakatupita watakavyo, wakatufunga mapema.

Mimi kule nyuma nikaona kilichokuwa kinatuponza. Nikapiga kelele, "Vueni viatu! Pasi fupi fupi!" Wenzangu walininunia, lakini wakavua. Kuanzia hapo wale vijana hawakutupita tena, na tukasawazisha. Mwalimu wetu wa michezo akanishika bega: "Ndunguru, wewe unauona uwanja wote." Goti liliponikatalia kucheza, neno hilo ndilo lililoniingiza kwenye kufundisha. Hadi leo, nikipita sokoni, watu wazima wenye ndevu zao wananiita Kocha.

Jumapili baada ya misa tulitazama mechi yenu kwenye simu ya baba yako mdogo. Nikakuona pale nyuma, mkono juu, unawapanga wenzako. Mpira ulipokwisha bibi yako akaniuliza, "Nani ameshinda?"

Sikujua. Mpira sikuuangalia kabisa.

Babu yako,
Kocha Ndunguru