Chumvi Kwenye Ngama

Jumamosi, 23 Oktoba 1999. Upepo wa kaskazini tangu alfajiri, mawingu mazito, baridi ya kuuma masikio lakini bado si ya kugandisha.

Boti yangu ina matundu kumi na moja na haitaruhusiwa kubaki majini msimu huu wa baridi. Amesema hivyo leo saa tano asubuhi Dale, mkaguzi wa vyombo aliyeletwa na wenye bandari, akiwa amepiga magoti kwenye sakafu niliyoipaka rangi mwenyewe. Alitaja sababu mbili.

Nilitafsiri moja.

Nimekuwa mwandishi wa habari miaka ishirini na miwili, kumi na minne Dar es Salaam na minane hapa ughaibuni, kwenye gazeti dogo la mtaa. Nimewahi kukosea majina, vyeo, na mara moja idadi ya majeruhi. Sikuwahi kukata kauli ya mtu katikati ili igeuke maana. Leo nimeikata, na niliyemkatia ni baba wa mke wangu. Ukurasa huu wa mtandaoni una wasomaji wanne, wote wako mbali, kwa hiyo naweza kuyaweka mambo kwa mpangilio wake.

Boti niliinunua mwezi wa nne. Urefu mita kumi na mbili, chini chuma, juu chumba cha mbao chenye jiko, vitanda viwili na madirisha sita. Ni boti ya kuishi. Mjini Saint Paul, ilikoegeshwa, kuna watu wachache wanaoishi mtoni mwaka mzima, hata barafu ikishika. Wanazungushia boti mipira ya kupuliza mapovu ili barafu isibane ubavu. Niliwahi kuandika habari zao, nikatamani. Sababu bora kuliko hiyo sina. Nimezaliwa Dodoma, na maji mengi ya kwanza niliyoyaona maishani yalikuwa ndani ya pipa.

Maimuna, mke wangu, ni muuguzi. Alisema maneno mawili tu: "Ikaguliwe kwanza."

Muuzaji alikuwa mjane. Alisema boti ni nzima, na kwamba marehemu mumewe aliipenda kuliko alivyompenda yeye. Nikaamini. Chanzo kimoja, tena chenye maslahi. Mwandishi chipukizi akiniletea habari ya namna hiyo namrudishia karatasi yake mbele ya wenzake.

Maimuna nilimwambia imekaguliwa.

Mwezi wa tano akaja baba yake kutoka Mombasa. Mzee Athman ana miaka sabini na mmoja, amefiwa na mkewe mwaka jana, na maisha yake yote amekuwa fundi wa kukalafati: kupachika pamba yenye mafuta kati ya mbao za chombo ili maji yasipenye. Kiingereza hajui. Macho yake yana ukungu. Wiki tatu za kwanza alikaa sebuleni kwetu, Brooklyn Center, akitazama maegesho ya magari. Maimuna alipomuuliza anatazama nini, alisema, "Nahesabu magari mekundu, mwanangu. Kuna kazi nyingine hapa?"

Nikampeleka kwenye boti. Tangu siku ile sebule haikumwona tena mchana. Alijifunza kupanda basi la Minneapolis, kisha jingine la Saint Paul, akihesabu vituo kwa tasbihi. Aliziba paa, akanyoosha madirisha, akachonga kitasa kipya cha mlango. Watu wa gatini wakaanza kumwita Kapteni. Mimi wakawa wananiuliza, "Leo unamsaidia Kapteni?"

Karatasi za umiliki zina jina langu. Mara mbili swali hilo nililijibu kwa tabasamu. Ya tatu nilijifanya sikusikia.

Mwezi wa saba tulipanda nayo mto, sisi watatu, hadi lango la maji lililo kati ya miji hii miwili. Ni chumba kikubwa cha zege. Boti inaingia, milango inafungwa nyuma, maji yanajazwa, na boti inapanda hadi usawa wa mto wa juu. Usukani niliushika mimi. Nikaibamiza boti ukutani. Mzee alicheka mpaka akashika tumbo.

"Nyinyi watu wa bara mwaendesha chombo kama mwaswaga mbuzi! Hebu nipa usukani, mwanangu, nipa, usije ukanimwagia binti yangu."

Nikampa. Maimuna naye alicheka. Mlinzi wa lango, kule juu, alimpungia Mzee mkono. Tulipotoka upande wa pili nilimsikia Maimuna akimwambia baba yake kwamba hajamwona akicheka hivyo tangu msiba. Mimi nilikuwa nimeinama ubavuni, nafuta alama ya ukuta kwenye rangi.

Wiki iliyofuata akataka chumvi.

"Maji matamu huozesha chombo," alisema. "Kwetu bahari hufanya kazi hiyo yenyewe. Hapa yataka tuisaidie. Tutie chumvi kwenye ngama." Ngama ni tumbo la chombo, chini ya sakafu, ambamo maji ya kuvuja hukusanyika. Kisha akauliza, "Huku chini ni mbao gani, mwanangu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ubavuni boti ilifunikwa mbao mpaka usawa wa maji, na ndani chuma chote kilipakwa lami nene. Kwa macho yake na kwa kidole chake hakuweza kujua. Mimi nilijua. Nilikuwa nasoma gazeti. Nikasema, "Sijui, Baba. Tia tu."

Nikanunua mifuko minne ya chumvi, ile ambayo watu humwaga kwenye ngazi wakati wa theluji. Nikaibeba mwenyewe, begani, mmoja mmoja. Kila anayeishi hapa anajua jinsi chumvi ile inavyokula magari. Gari langu lina tundu chini ya mlango linaloweza kupitisha ngumi. Nilipita kando ya tundu hilo mara nne, na mfuko begani.

Huenda nilitaka tu anyamaze nisome. Huenda nilitaka akosee. Sina ushahidi wa hili wala lile.

Sasa leo. Wenye bandari wanataka kila boti itakayokaa majini wakati wa barafu ikaguliwe. Mzee alifika kabla yangu. Alikuwa amevaa kofia yake ya kitambaa na koti langu la zamani, amefagia, ametandika mkeka, ametayarisha kahawa ya tangawizi kwa ajili ya mgeni. Dale alikuja na nyundo, tochi na kifaa cha kupimia unene wa chuma. Mzee ndiye aliyemshikia tochi.

Dale aliinua mbao za sakafu, akasukuma chumvi pembeni kwa mkono, akakwangua lami, akagonga, akapima, akachora duara kwa chaki. Akasogea, akachora jingine. Maji yalikuwa yakichuruzika katikati ya maduara, membamba kama uzi. Alipofika la kumi na moja aliacha, si kwa sababu yalikwisha. Kauli yake nzima ninayo kwenye daftari:

"Chumvi haikusaidia. Lakini miezi mitatu ya chumvi haifanyi haya. Chuma hiki kilikwisha miaka mingi iliyopita, kinashikiliwa na lami tu. Aliyekuuzia alijua. Ungeniita kabla ya kununua, ningekuambia ndani ya dakika kumi uondoke."

"Asemaje?" Mzee aliuliza. Tochi ilikuwa bado inawaka.

"Anasema chumvi yako imetoboa boti, Baba."

"Chumvi?"

"Hiki ni chuma, si mbao. Chumvi inakula chuma. Hapa mtoto wa darasa la kwanza anajua."

Aliinama akapapasa duara moja kwa kidole gumba. Kidole kilitoka chekundu kwa kutu. Alikitazama kwa karibu sana, kama anavyotazama kila kitu siku hizi. "Nimeziba vyombo miaka hamsini," alisema. "Sijapata kutoboa hata kimoja. Muulize tena, mwanangu. Muulize vizuri."

Hapa ndipo pabaya kuliko pote. Nilimgeukia Dale na kumuuliza, kwa Kiingereza, kreni ya kuitoa boti majini itapatikana lini.

Dale alitikisa kichwa juu na chini, kama mtu anayekubali kwamba hilo ndilo la kuulizwa. "Jumatano," alisema. "Saa tatu asubuhi. Nitakuwepo."

"Amesema ndivyo," nikamwambia Mzee.

Alikuwa ameona kichwa cha Dale kikikubali. Hakuuliza tena.

Alizima tochi. Alimimina kahawa, akampa Dale, akanipa mimi, yeye hakunywa. Kisha akakusanya zana zake, nyundo ya mbao, patasi tatu na mabaki ya pamba, akazifunga ndani ya taulo. Tulipotoka, mama mmoja wa boti ya jirani alipaza sauti: vipi, imepita? Nikasema haikupita. Akauliza kimetokea nini.

"Muulize Kapteni," nikasema.

Katika maneno yote hayo Mzee alielewa moja tu, hilo la mwisho. Akainua mkono na kumtabasamia jirani.

Kwenye gari alisimama kabla ya kuingia. Aliinama, akaingiza vidole kwenye lile tundu la mlango. Kutu ilimwagika juu ya kiatu chake.

"Na hii?"

"Chumvi. Wanamwaga barabarani wakati wa theluji."

"Chumvi ya mifuko ile?"

"Ile ile."

Alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa. "Basi ulikuwa wajua, bwana."

Ameniita mwanangu kila siku tangu aniozeshe binti yake, miaka tisa sasa. Leo amesema bwana. Tuliendesha nusu saa hadi nyumbani, na taulo lenye patasi lilikuwa magotini mwake.

Maimuna amerudi kutoka shifti jioni na kukuta begi la baba yake liko wazi juu ya kitanda. Nilikuwa mlangoni, nimesikia kila kitu. Mzee alisema, "Nimekiua chombo cha mumeo, Maimuna. Mniwie radhi. Nataka kurudi kwetu kabla ya theluji." Maimuna alimkalisha chini, akamvua koti. Nilisubiri Mzee aseme kuhusu tundu la mlango wa gari. Nilikuwa nimeandaa jibu. Hakusema. Amejibebesha yote peke yake, na amenifanyia heshima ambayo mkwe humfanyia mkwe mwenzake hata pale isipostahili.

Maimuna alinifuata jikoni.

"Si ulisema ilikaguliwa?"

"Ilikaguliwa."

"Na nani?"

"Mkaguzi mmoja."

"Anaitwa nani?"

Swali zuri. Ndilo ningeliuliza mimi. Nikasema jina limenitoka.

Alinitazama kama anavyotazama wagonjwa wanaosema wamemeza dawa. "Jumatano nachukua ofu," alisema. "Nitazungumza na huyo wa leo mwenyewe. Baba yangu hawezi kupanda ndege na maneno ya kuambiwa." Kisha akaosha mikono na kuanza kumenya viazi.

Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu.

Sasa ni saa mbili usiku kasoro dakika chache. Mzee amerudi kwenye kiti chake cha mwezi wa tano, dirishani. Kutoka ninapoandika naona kisogo chake na kofia. Maegesho yana magari mekundu matatu, nimeyahesabu.

Boti sijaihuzunikia hata kidogo, na hilo linanishangaza kidogo tu. Imekuwa yangu miezi sita. Kwa muda mwingi wa miezi hiyo ilikuwa ya Mzee, na leo, kwa saa moja, nilifanikiwa kuirudisha mikononi mwangu, ikiwa na matundu kumi na moja.

Gazetini masahihisho tunayaweka ukurasa wa pili, chini, kwa herufi ndogo, na mara nyingi aliyekosewa huwa ameshaacha kutununua. Hapa nyumbani hakuna ukurasa wa pili. Kuna hatua nane kutoka meza hii mpaka kile kiti. Sentensi ninayo tayari: "Baba, alitaja sababu ya pili." Ni fupi, ni sahihi, haina pambo. Nimeiandika. Nimesimama nayo mara moja, nikaenda hadi kwenye friji, nikanywa maji, nikarudi kukaa.

Hakugeuka.

Nina Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Kreni ni Jumatano, saa tatu asubuhi. Dale atakuwepo. Maimuna atakuwepo. Mzee amesema naye atakuja, akiage chombo.