Noti iliyopasuka

Jumanne.

Ile noti ya dola ishirini si yangu. Bironi, ofisini kwetu, nakagua noti kila siku, na yenye mpasuko siipokei, maana hapa Kalemie hakuna anayeitaka. Leo nimeikuta kwenye kopo la minerval, ada ya shule ya binti yetu Neema. Shule itaikataa, mtoto atarudishwa nyumbani.

Mtu amechukua yangu nzima akaweka hii. Kopo tunalijua watatu: mimi, mke wangu, na kaka yake aliyetoka Nyunzu, anayekaa kwetu. Juzi huyo kaka alinunua viatu…

Nimemwambia mke wangu kwamba namshuku kaka yake. Amecheka: “Papa Neema, hata humu ndani unakagua watu? Muulize mwenyewe!”

Sikuthubutu. Mke wangu alipoenda sokoni nimehamisha akiba. Sijawahi kumficha kitu, na kwa jinsi ilivyokuwa rahisi, nimeogopa.