Miaka Kumi ya Jemima, Mu Bateau Moja

Siku ya Yenga, 13 Julai 2025 — Butembo

Éliakim amenimaliza! Leo ku kanisa, wakati ya action de grâce, bwana yangu akakamata micro. Nilizania atasema aksanti kwa Mungu, kisha akae. Kumbe! Ati mutoto wetu Jemima anafikisha miaka kumi, donc tutamupeleka croisière! Kanisa nzima: Amen! Na miye nikaitika Amen, meno yote inje, mais ile habari nilikuwa naisikia mara ya kwanza, sawa batu bote.

Ku nyumba nikamuuliza: croisière ya wapi? Butembo iko na milima tu! Anasema ni Uganda, ukishavuka Kasindi, kuko bateau inatembeza batu juu ya maji, banaangalia viboko. Aliona mu téléphone. Yote hii juu ya Précieux, jirani yetu. Alipandisha batoto yake ndege ku Mavivi, na tangu siku ile anajisifu, hapana nyamaza.

Basi. Neno ya ku micro ya kanisa hairudi mu kinywa.

Jemima, ye, hata hakurukaruka. Aliuliza kitu moja tu: mama, wewe na papa, bote babili, mu bateau moja? Juu papa yake iko Kampala kila wakati kutafuta bitenge, na miye niko ku magasin nauzisha. Hata photo moja ya siye batatu haiko. Roho iliniuma. Nikamuapia: bote, mama yangu, kabisa kabisa.

Siku ya tatu, 16 Julai

Mama mukwe, koko Kasika, amefika na kuku na kitunga ya maharagi. Anaenda na siye! Nani alimualika? Micro. Na kuku ni ya capitaine ya bateau. Ati mutu haendi kwa mutu mikono mitupu. Nikamuambia koko, capitaine tunamulipa. Akaniangalia sawa mutoto mujinga: munganga naye munamulipa, mbona ulimupelekea kuku?

Éliakim naye! Amemupa fundi Timothée kazi ya kushona bagilet ya kuelea. Rangi ya machungwa, ndani mousse ya matelas, ile ya kulalia. Leo nimemukuta mu chumba amevaa, amesimama mbele ya kioo, anapumua sawa mwanamuke anazaa ku maternité. Nikamuambia: Papa Jemima, mousse inakunywa maji! Utashuka chini pole pole, umelala muzuri! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwanaume anapitisha malori ku mipaka, anaogopa maji! Amekasirika. Ati siye Banande ni batu ya milima, maji ni ya kunywa na ya kubatiza.

Sawa. Mais Jemima aliomba bote. Nimemuambia wazi: ukibaki ku inchi kavu, usirudi mu nyumba yangu.

Siku ya posho, 19 Julai — Beni

Barabara. Mavumbi. Kuku. Imetaga yai juu ya robe ya anniversaire, nguo mupya ya Jemima! Koko anasema ni baraka. Nimefua baraka na sabuni mara mbili.

Tunalala kwa Providence, dada ya Éliakim; ametupikia sombe ya majani ya muhogo. Jemima amezunguka parcelle nzima kuambia batu: hata mama amefunga magasin! Anasema vile sawa mutu ameona muujiza. Sikujua nacheka ao nalia.

Providence akaniuliza: na weye, Mama Jemima, maji umeizoea? Nikamuambia sombe yako iko tamu sana, ulitia nini?

Siku ya Yenga, 20 Julai — Beni

Nimerudisha sahani imejaa. Ni sombe. Hapana kitu ingine.

Nimesema pengine mutu mumoja abaki hapa kuchunga kuku. Koko anasema kuku inaenda. Basi, inaenda.

Siku ya kwanza, 21 Julai — Uganda, pembeni ya maji

Tumefuata convoi ya magari na askari mpaka Kasindi, tumevuka, tumefika. Mulinzi ya bateau akakataza kuku kupanda. Koko hata hakubishana, akamupa ye mulinzi kuku. Sasa mulinzi anamuita "mama" na amemuletea kiti ya mbele.

Bote bamepanda. Éliakim amepanda! Gilet ya Timothée chini, gilet ya bateau juu, amekuwa sawa pipa, macho amefunga — mais amepanda. Miye niko inje, nimekaa ku banc. Nimebaambia: ngojeni kidogo, naandika, ni souvenir ya kukumbuka.

Ni bongo, nabadanganya. Niseme kweli, hapa hakuna mutu anasoma. Kuko ubao ya kupitia mpaka mu bateau, na pembeni ya ubao maji inaonekana, nyeusi, inasogea. Nilifika pale, nikarudi ku banc. Miye! Miye nilicheka bwana ya mutu juma nzima!

Éliakim naye angecheka, ningekasirika, na hasira ingenivusha. Mais hapana cheka. Amerudi mpaka mu katikati ya ubao, amenyoosha mukono: Mama Jemima, kuja, hata miye naogopa. Mukono iko pale. Miye naandika.

Moteur imewaka. Capitaine ananiangalia, anaangalia saa. Koko anaomba Mungu na sauti kubwa, na jina yangu iko ndani, aibu gani hii! Jemima aliniita, akaniita, sasa haniiti tena. Ameweka mukono juu ya kiti pembeni yake. Muzungu mumoja anataka kukaa pale, mutoto anatikisa kichwa. Fasi ya mama.

Nafunga kalamu, naenda. Yesu wangu. Ni muguu gani kwanza, ya kuume ao