Garaji Niliyowapangia Ndugu Zako

Komredi Baba,

Jina hilo ulinipa wewe, kwa mzaha, likizo ile niliyorudi kutoka chuoni Kindu nikapanda juu ya tairi mbele ya garaji yako na kuwahutubia waendesha pikipiki kuhusu ubovu wa barabara ya Kabambare. Ulicheka mpaka kle, spana yako kubwa, ikakuponyoka mkononi. "Komredi, shuka. Hiyo tairi ni ya mutu." Leo nakurudishia jina lako. Na kwa kuwa sijapata kujifunza kuzungumza na mtu mmoja bila kuwasalimu wengine, nawasalimu pia wote waliolala nawe chini ya ile michikichi ya makaburini. Wandugu wa mapambano, ninyi mliotangulia kushindwa, nisikilizeni. Nimekuja kutoa taarifa, na taarifa yenyewe si ya ushindi.

Nilifika Kasongo ukiwa umekwisha kuzikwa. Pikipiki ilizama katika matope, tukaivuta, ikazama tena, na dini yetu haimweki maiti amngoje msafiri. Nilikuta udongo mbichi, mikeka ya matanga uani, na Mama ameketi edani chumbani mwenu, amejifunika mpaka kichwani. Aliniambia neno moja tu: "Baba yako alikuuliza." Sikumuuliza uliuliza nini. Mpaka leo sijamuuliza.

Aliyechelewa maziko hutafuta mahali pengine pa kumshika marehemu wake. Mimi nilikwenda garajini. Mlango ulifunguka nusu, kama ulivyokuwa siku zote, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na tangi la pikipiki ambayo hakuna aliyekumbuka ni ya nani. Nikaingia ubavu. Baba, ulituachia mlima. Shene, minyororo ya pikipiki, juu ya rimu, rimu juu ya bidoni, yale madumu ya mafuta, bidoni juu ya mifuko ya bolti zilizoshikana kwa kutu, na juu ya yote hayo feni isiyo na mapanga. Nilikaa humo mpaka mafuta ya injini yakaingia katika vazi langu la msiba, nikawa nanukia wewe, na hapo ndipo nilipolia.

Wiki hiyohiyo Fundi Saidi, yule uliyefanya naye kazi miaka yote, alikuja kutoa rambirambi. Alipomaliza dua alisafisha koo, akasema kwamba angependa kuikodi garaji pamoja na vyombo vyake vyote, amlipe Mama kila mwezi. Nikaona riziki ya nyumba hii imesimama mbele yangu, imevaa kofia ya sala. Mama yuko edani, hawezi kwenda sokoni. Wadogo zangu wawili wako shuleni. Hatuna shamba la maana. Garaji hiyo ndiyo iliyokuwa shamba letu. Lakini Saidi akachungulia ndani, akatikisa kichwa. "Dada, pikipiki itapita wapi? Humu hata panya anaomba njia."

Basi nikaamua. Unajua ninavyoamua: kwanza natoa hotuba, kisha nakunja mikono ya nguo.

Sikuwa na fedha ya kununua hata msumari, kwa hiyo nilifanya kama taifa linavyopaswa kufanya, nilianza na kile tulicho nacho. Misumari niliing'oa katika masanduku yako mabovu, nikaiketisha juu ya jiwe na kuinyoosha mmojammoja. Mbao za masanduku hayo nikazifanya rafu. Bidoni za manjano nilizipasua ubavuni kwa kisu kilichopashwa moto, kila moja ikawa droo: hii ya bolti, hii ya nati, hii ya bujia, plagi za injini. Mipira ya ndani ya baiskeli niliikata mikanda, nikaipigilia ukutani, na kila kle ikapata kitanzi chake, kuanzia kubwa hadi ndogo, kama watoto wa nyumba moja wamepangwa kupigwa picha. Sakafu niliimwagia majivu ya jikoni yanywe mafuta, nikaifagia, nikayamwaga tena. Kuta nikazipaka ule udongo mweupe tunaouchota mtoni. Na kwa makaa, juu ya kila rafu, nikaandika kwa herufi kubwa kilichomo, ili Saidi asipoteze hata dakika moja ya kazi.

Takataka nilizitia katika gunia na kuziburura mpaka nyuma ya choo. Na ule mkono wako, Baba, alama ya kiganja chako cha mafuta kando ya mlango, pale ulipokuwa ukijiegemeza kuvua viatu. Niliupaka rangi. Niliona ni uchafu, nikaupaka.

Mama alinionya. Nilipokuwa nikipita na ndoo ya majivu aliniita kupitia dirisha, sauti yake ya chini ile ya eda: "Wacha vile iko, mama. Baba yako hakutaka watu wafagie kule." Nami nikasimama chini ya dirisha hilo nikamhutubia mjane. Nikamwambia kwamba vurugu ni ndugu wa umaskini, kwamba watu wetu wamelala juu ya mali wasiyoiona, kwamba ukombozi huanza siku mtu anapojua kilichomo nyumbani mwake. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa, komredi." Jina lako, kinywani mwake. Nilidhani amekubali.

Ikafika arobaini yako. Kaka yako mkubwa alikuja kutoka Wamaza na ndugu wengine wa ukoo, wamechoka, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Sitamsingizia Baba Mkubwa: alilia kweli, alishika ukingo wa kaburi kwa mikono yote miwili. Hitma ikasomwa, wali ukaliwa. Halafu, kama desturi ya ukoo inavyotaka, akasema ni wakati wa kutazama vitu vya marehemu, kila ndugu apate ukumbusho. Wanaume wakaondoka barazani kuelekea garajini. Mama hakuweza kutoka kuwakabili, na wao walijua hawezi kutoka.

Baba Mkubwa aliusukuma mlango kwa bega, kwa nguvu, jinsi alivyozoea. Ukafunguka wote, nusura aanguke ndani. Akasimama katikati ya ule weupe, akageuka polepole, akisoma kuta zangu. Bujia. Shene. Kle. Breki. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyefurahi kwa dhati, akanishika kichwa.

"Mutoto wetu ametusaidia sana. Ametupangia mali kama mu magazini, mu duka kubwa. Masomo iko na faida."

Walikomba rafu baada ya rafu. Aliyetaka kle alisimama mbele ya kle. Aliyetaka bujia alibeba bidoni nzima. Hawakuhitaji kuuliza, maana nilikuwa nimewaandikia. Jiliwa lako, lile la chuma lililokuwa likibana kila kitu ulichokipiga, walilifungua mezani kwa kle zako mwenyewe. Nilisimama mlangoni. Nilianza, "Ndugu zangu, sheria ya nchi hii inamweka mtoto mbele ya—" na Baba Mkubwa akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniua: "Hiyo ni ya Kindu. Kunywa maji kwanza, mwanangu." Kelele zangu zote, Baba. Mikutano yote niliyoiendesha. Nilikuwa na maneno ya kuwaangusha magavana, na nikakosa neno moja la kumzuia mzee mmoja kubeba jiliwa.

Jioni hiyo Mama aliniita ndani. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nakumbuka jinsi Baba Mkubwa alivyokuwa akija kila kiangazi kuomba chombo, na jinsi ulivyomjibu bila kuinua kichwa: "Iko humo ndani, kaka. Ingia, tafuta." Nakumbuka. Aliingia ubavu, akahangaika, feni ikamwangukia mguuni, akatoka akitukana rimu, akanywa chai, akarudi Wamaza mikono mitupu. Wewe hukumnyima. Hakuna siku hata moja uliyomnyima. Na ndugu asiyenyimwa hawezi kununa. Kisha, akishatokomea barabarani, ulinyoosha mkono ndani ya ule mlima bila kutazama na kukitoa kile kile alichokuwa akikitafuta. Mimi nilidhani ni uvivu wa kupanga. Nilisoma miaka yote ile juu ya namna wanyonge wanavyojilinda, na sikuitambua ngome niliyozaliwa ndani yake. Niliibomoa kwa mikono yangu, nikaipaka udongo mweupe, nikaiandikia majina.

Fundi Saidi alirudi baada ya wageni kuondoka. Alisimama katikati, akakohoa, na kikohozi chake kikamrudia kutoka kuta zote nne. "Garaji ni nzuri sana, dada. Lakini bila vyombo, hii ni chumba tu. Na chumba niko nacho." Aliomba radhi kama kwamba yeye ndiye aliyeniibia.

Tangu hapo mdogo wangu wa mwisho ameacha kwenda shule. Mama anasema ni kwa muda. Nami sijarudi chuoni, na wenzangu wameniandikia kuniuliza lini. Sijawajibu, kwa maana sijui nitawaambia nini watu waliokuwa wakinipigia makofi. Asubuhi naingia garajini. Siingii tena ubavu. Nasoma ukutani maneno niliyoyaandika juu ya vitu ambavyo havipo tena. Kitu kimoja tu kimekataa utaratibu wangu: kando ya mlango mafuta yameanza kupenya ule weupe. Vidole kwanza. Siwezi kusema kwamba inanifariji. Naweka kiganja changu hapo, ni kidogo kuliko chako, na ukuta ni baridi.

Kwaheri, Baba. Kwaheri isiyokuwa ya mkutano, ile niliyopaswa kukuambia kabla udongo haujakufunika. Nakuahidi jambo moja, na kwa mara ya kwanza naahidi bila kupandisha sauti: sitafagia tena nisichokijua.

Gunia lile la nyuma ya choo bado lipo. Hawakuligusa, kwa sababu halikuwa limepangwa. Mna bolti zilizoshikana, mna shene zilizokatika, mna ile feni. Saidi anasema kwamba kwa mafuta ya taa na subira huenda kle mbili tatu zikapatikana humo, huenda zisipatikane. Mama ameniamuru nilirudishe ndani.

Eda yake inakwisha Alhamisi. Mkutano utafanyika siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, garajini, mlango ukiwa wazi nusu. Wanaohudhuria ni Mama na mimi. Ajenda ni moja: kulimwaga gunia sakafuni, na kuliacha vile iko.